Tovuti ya biashara kwa programu huria: kuianzisha, kuiendesha na kuikuza

Wapendwa ndugu na dada wa makutaniko ya mashariki,

Akina mama wa kutaniko letu hapa Bel-Air, katika komine ya Kampemba, Lubumbashi, wanashona sare za shule. Kwa miaka michache walikuwa na tovuti ndogo yenye picha za sketi na mashati, bei kwa franka, na namba ya simu ya kuagizia. Oda zilitoka mpaka Likasi na Kolwezi. Kisha mwezi wa Agosti, wakati wazazi wanaanza kutafuta sare, tovuti ilitoweka. Mahali pake palitokea matangazo ya kamari.

Tulipochunguza tukakuta kosa ni letu. Kijana aliyewatengenezea tovuti alikuwa ameandikisha jina lake kwa barua pepe yake binafsi, kisha akaenda masomoni ng'ambo. Ilani za kulipia jina zilikuwa zinakwenda kwenye anwani aliyokwisha kuiacha. Hakuiba chochote. Sisi wazee wa kutaniko hatukumuuliza hata siku moja jina limeandikwa kwa nani na maneno ya siri yako wapi. Msimu mzima wa oda ukapita hivyo.

Tangu hapo tumejifunza mengi, kwa kusoma na kwa kuuliza mafundi. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wafanyabiashara, vyama vya ushirika na shule katika makutaniko yetu. Mtu asiye fundi anaweza kuyafuata.

Programu huria ni nini

Tovuti nyingi za biashara haziandikwi upya kuanzia mwanzo. Zinasimama juu ya mfumo wa kusimamia maudhui. Huu ni programu inayokaa kwenye seva na kumpa mwenye duka mlango wake wa kuingilia. Akiisha kuingia kwa neno la siri, anabadilisha bei, anaweka picha na kuchapisha, bila kujua lugha ya kompyuta.

Mfumo ukiwa wa chanzo huria, maandishi yake ya ndani yako wazi. Yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuwagawia wengine. WordPress, Joomla na Drupal, mifumo mitatu inayojulikana zaidi, yote inatolewa kwa masharti hayo, chini ya leseni iitwayo GPL.

Wengine wakisikia hivyo wanadhani hakuna gharama. Ni kama kisima cha mtaa: maji ni ya wote, lakini kamba na ndoo unajinunulia. Programu hulipii. Unalipia jina la tovuti, nafasi kwenye seva, mega za intaneti na kazi ya fundi. Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye anapaswa kukaa kwanza na kuhesabu gharama. Tovuti nayo ihesabiwe hivyo, na hesabu iwe ya kila mwaka, kwa sababu jina na seva vinalipiwa tena na tena.

Faida kubwa ya programu huria ni uhuru wa kuhama. Ukikosana na fundi, au kampuni ya seva ikipandisha bei, unachukua faili zako na hifadhidata yako unaenda kwingine, na mfumo ni uleule. Lakini uhuru huo ni wa yule mwenye funguo. Akina mama wetu walikuwa na programu huria, na bado walifungiwa nje.

Mifumo mitatu

WordPress ilitolewa tarehe 27 Mei 2003. Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza waliijenga juu ya programu iitwayo b2, iliyoandikwa na Mfaransa Michel Valdrighi na ambayo wakati huo ilikuwa haina mtu wa kuiendeleza. Ilianza kama chombo cha kuandikia habari za kila siku. Leo zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani zinaitumia. Kwa kuuza bidhaa, wengi wanaiongezea programu-jalizi ya WooCommerce. Hiyo ilitoka mwaka 2011 kwa WooThemes, kampuni yenye mizizi Cape Town, Afrika Kusini, na mwaka 2015 ikanunuliwa na Automattic, kampuni ya Mullenweg.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu. WordPress.org ndipo unapoichukua programu yenyewe na kuiweka kwenye seva unayotaka. WordPress.com ni huduma ya Automattic, ambayo inakuwekea tovuti kwao na kukulipisha kulingana na unachohitaji. Zote ni halali. Ujue tu uko wapi, na unalipa nini kwa nani.

Joomla ina jina letu wenyewe. Mwezi Agosti 2005, waandishi wa programu iliyoitwa Mambo waliachana na kampuni ya Australia iliyomiliki jina hilo, kwa sababu hawakukubaliana juu ya nani aiongoze kazi. Kwa kuwa chanzo kilikuwa huria, waliondoka nacho. Septemba mwaka huohuo walitoa toleo la kwanza wakaliita Joomla, yaani neno la Kiswahili "jumla" katika maandishi ya Kiingereza, kwa maana ya wote pamoja. Jina lilibaki kwa kampuni, kazi ikaenda na wafanyakazi. Mtu mwenye biashara akumbuke habari hii, kwa sababu jina na kazi ni mali mbili tofauti, na kila moja inahitaji kulindwa kwa njia yake.

Drupal ilitolewa mwaka 2001 na Dries Buytaert, Mbelgiji aliyekuwa mwanafunzi Antwerp. Inajulikana kwa tovuti kubwa zenye idara nyingi na haki tofauti za watumiaji. Kuijifunza kunachukua muda zaidi.

Kwa duka, saluni, karakana au shule moja, WordPress inatosha. Kwa shirika lenye idara nyingi, Joomla na Drupal zinastahili kuangaliwa. Kipimo chetu ni hiki: chagua mfumo ambao katika mji wako unaweza kupata mafundi wawili wanaoujua. Fundi mmoja akihama, asiondoke na biashara yako.

Jina, nyumba na funguo

Jina la tovuti, yaani domeni, ndiyo anwani ambayo wateja wanaiandika. Haliuzwi moja kwa moja. Linakodishwa, mara nyingi kwa mwaka mmoja mmoja, na usipolipa linaweza kuchukuliwa na mwingine.

Majina ya nchi yetu yanaishia kwa .cd. Mwisho huo ulianza mwaka 1997, nchi ilipoacha kuitwa Zaire, na ule wa zamani, .zr, ulifutwa mwaka 2001. Mwishoni mwa mwaka 2020, jina scpt-network.com, ambalo mfumo wa kuelekeza anwani zote za .cd ulilitegemea, liliachwa likaisha muda wake. Fredrik Almroth, mtafiti wa usalama kutoka Sweden, aliona hatari hiyo akalinunua kabla halijaangukia mikono mibaya, kisha akawaarifu wahusika. Habari ilitangazwa Januari 2021. Ikiwa tarehe ya kulipia iliweza kusahaulika kwa jina lililobeba anwani za nchi nzima, itasahaulika kwa duka letu pia. Andikeni tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani, mwezi mmoja kabla.

Nyumba ni seva. Wanaoanza hukodi nafasi kwenye seva wanayoshiriki na tovuti nyingine, kama chumba katika parseli yenye wapangaji wengi. Bei ni ndogo, lakini jirani akitumia maji yote, wewe unakosa. Baadaye unaweza kukodi sehemu yako peke yako, yenye nguvu uliyopimiwa. Hapo unalipa zaidi, na lazima uwe na mtu wa kuitunza.

Funguo ni hizi: akaunti uliyosajilia jina, akaunti ya seva, neno la siri la msimamizi wa tovuti, barua pepe iliyofungulia hizo tatu, na namba ya simu inayopokea kodi za kuthibitisha. Barua pepe na namba ya simu viwe vya biashara, visiwe vya mtu mmoja. Watu wawili wanaoaminika wawe na uwezo wa kuingia, na kila mmoja awe na neno lake la siri. Fundi naye apewe mlango wake, ambao kazi ikiisha unafungwa bila ugomvi.

Kurasa nyepesi

Wateja wetu wengi wanafungua tovuti kwa simu, kwa mega walizonunua kidogo kidogo. Picha moja iliyopigwa kwa simu inaweza kuwa na megabaiti 4. Ukurasa wenye picha kumi za namna hiyo unamla mteja megabaiti 40 kabla hajaona bei. Picha hizohizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 150 kila moja, ukurasa mzima unakuwa na megabaiti moja na nusu, na kwenye kioo cha simu tofauti haionekani.

Kwa hiyo punguzeni picha kabla ya kuziweka. Acheni video zinazoanza zenyewe na picha zinazotembea juu ya ukurasa. Bei, mahali na namba ya simu viwe juu kabisa, tena kwa maandishi. Namba iliyo ndani ya picha haibonyezeki, na mteja hawezi kuinakili.

Wateja wakiongezeka

Siku moja tovuti itatembelewa na watu wengi kuliko kawaida, na itaanza kuchelewa. Ili kujua la kufanya, tuelewe kinachotokea. Mtu anapofungua ukurasa, programu inaamka, inauliza hifadhidata maandishi, bei na picha, inaviunga pamoja, kisha inampelekea. Anayefuata akifungua ukurasa uleule, kazi yote inaanza upya. Ni kama kumsongea kila mgeni bukari yake, sufuria moja kwa mgeni mmoja.

Hatua ya kwanza basi ni kache: ukurasa unaungwa mara moja, unahifadhiwa, na wote wanaokuja wanapewa uleule ulio tayari. Kwa WordPress kuna programu-jalizi za kazi hiyo zisizolipiwa. Mara nyingi hatua hii peke yake inaokoa tovuti ndogo bila kuongeza seva. Ila ukurasa wa kapu la mteja na ule wa malipo usiwekwe kwenye kache, la sivyo mteja mmoja anaweza kuonyeshwa kapu la mwenzake.

Hatua ya pili ni kupunguza mizigo. Kila programu-jalizi ni kazi ya ziada kwa seva na mlango mwingine wa kulinda. Ile isiyotumika ifutwe kabisa, isizimwe tu.

Hatua ya tatu ni kuongeza nguvu ya seva, baada ya mbili za kwanza. Tunasisitiza mpangilio huu kwa sababu wauzaji wengi wanaanza na seva kubwa. Tovuti nzito kwenye seva kubwa bado ni nzito kwenye simu ya mteja.

Hatua ya nne ni kutumia mtandao wa nakala: picha na faili zinawekwa kwenye seva za miji mbalimbali, na mteja anahudumiwa na ile iliyo karibu. Ya tano, kwa biashara kubwa, ni kutenga hifadhidata kwenye seva yake na kuwa na seva kadhaa zinazogawana wageni. Huko tunahitaji mafundi wa kudumu.

Je, programu ya bure inaweza kubeba hayo? Tovuti ya Ikulu ya Marekani ilihamia Drupal mwaka 2009, na mwaka 2017 ikahamia WordPress. Ukomo wa duka letu hauko kwenye programu.

Kwa biashara yenye matawi, WordPress tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010 inaruhusu tovuti nyingi ndani ya usimikaji mmoja. Duka lenye tawi Lubumbashi, Kalemie na Bukavu linaweza kumpa kila tawi tovuti yake, na fundi akatunza mfumo mmoja. Hatari yake ni kwamba mfumo huo ukianguka, matawi yote yanaanguka pamoja.

Biashara ikikua, watu wanaoingia ndani ya tovuti nao wanaongezeka. Msiwape wote cheo cha msimamizi. Anayeandika habari apewe cheo cha mwandishi, anayezisahihisha awe mhariri, na anayeshughulikia oda apewe oda tu.

Kusasisha

Chanzo kikiwa wazi, watu wengi wanaona makosa na kuyarekebisha haraka. Lakini siku marekebisho yanapotangazwa, wezi nao wanayasoma na kujua pa kupigia. Tarehe 15 Oktoba 2014, Drupal ilitangaza kosa kubwa katika toleo lake la 7 pamoja na dawa yake. Wiki mbili baadaye, kundi lake la usalama lilionya kwamba tovuti yoyote ambayo haikurekebishwa ndani ya masaa saba baada ya tangazo ichukuliwe kuwa imeingiliwa. Masaa saba ni muda wa mtu kulala na kuamka.

WordPress tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013 inajisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo ya usalama. Msiizime kazi hiyo. Programu-jalizi zisasishwe kila wiki, na zitoke mahali pake rasmi. Zile za kulipiwa ambazo mtu anakugawia bure kwenye simu zinaweza kuwa zimepachikwa mlango wa siri. Kufuli ya mawasiliano, ile inayofanya anwani ianze na https, hamhitaji kuinunua kwa bei kubwa, kwa kuwa shirika la Let's Encrypt limekuwa likiitoa bure tangu mwishoni mwa mwaka 2015.

Nakala za akiba

Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo moja la seva za kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa. Tovuti nyingi zilizimika, na wateja ambao nakala zao zilikuwa mahali palepale walizipoteza moja kwa moja. Miezi miwili baadaye, tarehe 22 Mei, Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye wakazi wengi wa Goma wakaamriwa kuhama mji. Wengi wenu mnajua kutoka kwa haraka mkiwa na mkoba mmoja. Vita navyo vimewafundisha hivyo zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo kanuni ya mafundi tunaiona kuwa ya lazima kwetu: nakala tatu, kwa vyombo viwili tofauti, na moja iwe mbali, katika mji mwingine au kwenye huduma nyingine ya mtandaoni. Nakala kamili ina sehemu mbili, faili na hifadhidata. Yenye moja tu haitarudisha tovuti. Mara moja kila baada ya miezi mitatu, mwambieni fundi airudishe tovuti kutoka kwenye nakala, pembeni, mkiona kwa macho. Duka na mashine vinaweza kubaki nyuma. Jina la biashara, orodha ya bidhaa na anwani za wateja vinaweza kusafiri nanyi.

Kupokea malipo

Kwetu wateja wengi wanalipa kwa simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Duka dogo lianze kwa njia rahisi: mteja anaagiza kwenye tovuti, anatuma feza, muuzaji anathibitisha kwenye simu yake kisha anatuma mzigo. Oda zikiwa nyingi kiasi cha kuchanganya hesabu, ndipo mtafute kampuni inayounganisha malipo ya simu na WooCommerce, mkisoma makato yake kwanza.

Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Kanuni ya Kidijitali, amri-sheria namba 23/010, inayogusa biashara ya mtandaoni na ulinzi wa habari za watu. Chukueni kwa mteja yale tu mnayoyahitaji kumfikishia bidhaa. Ambacho hamkukihifadhi hakiwezi kuibwa kwenu.

Mwisho, wekeni namba za wateja kwenye daftari pia. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilifungwa nchini kwa karibu wiki tatu. Tovuti zilizokaa kwenye seva za ng'ambo zilionekana Brussels, lakini hapa Bel-Air hazikufunguka. Aliyekuwa na daftari aliweza kupiga simu.

Akina mama leo

Akina mama wetu wana tovuti tena. Jina la zamani hatukulipata. Jipya limeandikishwa kwa chama chao, kwa barua pepe ya chama, na tarehe ya kulilipia iko ukutani karibu na cherehani. Wawili kati yao wanabadilisha bei wenyewe. Karatasi ya funguo iko ndani ya bahasha kwa mweka hazina, na nyingine iko Likasi kwa dada yake. Wateja walirudi polepole, na wengine hawajarudi.

Kama kutaniko lenu au biashara yenu ina tovuti, msingoje mpaka itoweke. Jumapili hii baada ya ibada, mketi na aliyeitengeneza, kwa upendo na bila kumshuku, mkamuulize: jina letu limeandikwa kwa nani, linalipiwa lini, na nakala yetu iko wapi?

Amani iwe nanyi nyote.